Betri bapa, mtoto mdogo na rimoti isiyofungika: lipi la kuogopa zaidi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Mjomba wake alimletea kitabu cha plastiki kinachoimba ukibonyeza picha. Juzi nimekuta mfuniko wa betri umefunguka, ndani zimo mbili tu, ya tatu nikaiokota chini ya kochi. Ni zile ndogo kama za saa. Mama mkwe ananiambia nisihangaike, hata angeimeza ingetoka na choo kama sarafu. Pia tuna rimoti ndogo bapa ya spika ambayo kidroo chake cha betri kinachomoka chenyewe, tumekizungushia selotepu. Niogope kiasi gani? Na je, nitupe kila kitu kinachoimba au kuwaka taa?

Jibu: Habari ni njema, mama. Nianze na mama mkwe, kwa heshima zote: kuhusu sarafu hayuko mbali na ukweli. Sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe. Betri ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ikikwama njiani haikai kimya. Na kati ya vitu viwili ulivyovitaja, kinachonitia hofu zaidi si kitabu, ni hiyo rimoti.

Sababu yake imeandikwa mgongoni mwa betri yenyewe. Chomoa betri ya rimoti uisome. Rimoti bapa za aina hiyo kwa kawaida hutumia CR2025, na vifaa vingine hutumia CR2032. Herufi C inaonyesha kuwa ni ya lithiamu, R kwamba ni ya duara, tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita, na mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo CR2025 ina upana wa milimita 20 na unene wa 2.5, na ikiwa mpya ina volti 3. Vitabu vinavyoimba mara nyingi huwekwa betri tatu za LR44, ambazo huuzwa pia kwa jina la AG13. Hizo zina upana wa milimita 11.6 na volti 1.5 kila moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengi. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wa mtoto wa umri wa wako ni mwembamba, na betri ya milimita 20 huweza kukwama humo, hasa pale juu kabisa umio unapoanzia, ambapo ni pembamba kuliko sehemu nyingine. LR44 kwa kawaida hupita hadi tumboni. Nimesema kwa kawaida. Betri ndogo nazo zimewahi kukwama na kuunguza watoto wachanga, na zina tabia ya kuishia puani na masikioni, jambo nitakalolirudia. Lakini majeraha mabaya zaidi na vifo vinavyotokana na betri za namna hii vimesababishwa hasa na zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20 au zaidi.

Wengi hudhani hatari ni betri kupasuka na kuvuja sumu. Sivyo. Betri nzima, mpya, isiyo hata na mkwaruzo, ndiyo inayounguza haraka zaidi. Ikikwama kwenye umio, nyama laini na yenye majimaji hugusa pande zake zote mbili, na hapo umeme unapata njia ya kupita. Mkondo huo huyavunja maji yaliyomo kwenye tishu, na kwenye upande hasi hujitengeneza alikali kali, ya jamii moja na ile ya dawa ya kuzibulia mabomba. Alikali haiachi kigaga juu kama asidi. Huiyeyusha nyama na kuendelea kuzama. Jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Upande hasi ni ule mdogo, usio na maandishi, na daktari atataka kujua umeelekea wapi: ukielekea mbele, bomba la hewa lipo hatarini, na ukielekea nyuma, uti wa mgongo.

Hapo pia ndipo unapoona kwa nini betri iliyokwisha si salama. Kifaa huanza kugoma betri ya lithiamu ikishuka hadi karibu volti 2, wakati maji huanza kuvunjwa na umeme wa takriban volti 1.2 tu. Yaani rimoti imekufa, lakini nguvu ya kuunguza bado ipo. Kasi inapungua kidogo, basi. Ile betri kuukuu inayoachwa juu ya meza kwa kuwa haina kazi tena ni hatari karibu sawa na mpya, na kwa jinsi inavyosahaulika, pengine zaidi.

Sasa dalili, na hapa ndipo watoto wengi wanapochelewa. Mara nyingi hakuna aliyeona mtoto akimeza. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa muda, au akawa na mambo ambayo kila mzazi ameyaona mara kumi: udenda mwingi, kikohozi, kukataa chakula, kutapika, sauti ya kukoroma anapopumua, homa, kulialia huku akishika shingo au kifua. Ukimpeleka ukasema ana kikohozi na hataki kula, utarudishwa na dawa ya mafua, na hutakuwa na wa kumlaumu, maana dalili ni zilezile. Kwa hiyo usipime kwa dalili, pima kwa hesabu. Kama betri moja haionekani na mtoto alikuwa karibu, hesabu kwamba ameimeza hadi eksirei ionyeshe vinginevyo. Kwa kisa chako, uliiokota ya tatu, na hapo ndipo ungeweza kupumua. Kama usingeiona, jibu langu lingekuwa mstari mmoja: funga ukurasa huu, mpeleke hospitali.

Ikitokea, fanya hivi.

Ondoka mara moja kwenda hospitali yenye eksirei, na ikiwezekana yenye uwezo wa kutoa vitu vilivyokwama kwa endoskopi, ule mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Piga simu ya dharura au kituo cha taarifa za sumu kama vipo ulipo, lakini piga ukiwa njiani. Chukua kifaa kilichotoka betri, au pakiti yake, au betri nyingine kama hiyo, ili namba isomeke.

Usimtapishe. Kutapika hakuitoi betri iliyonasa, na kunaweza kuisukuma kwenye njia ya hewa. Usimpe maziwa, maji, uji, mkate wala ndizi ya kuisukumia chini. Huwezi kuisukuma, na tumbo lililojaa linaleta shida wakati wa dawa ya usingizi.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa, nacho ni asali, kwa masharti. Mtoto awe ametimiza mwaka mmoja, awe anameza vizuri, na betri iwe imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita. Mpe mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita. Asali huifunika betri, na ule ukali wake mdogo wa asidi hupunguza nguvu ya alikali. Inapunguza kasi ya kuungua. Haitibu, wala haiitoi betri. Kama haipo nyumbani usiende kuitafuta dukani, nenda hospitali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli. Na kama muda umezidi saa 12, kama anatapika damu, au kama hujui betri imekaa ndani tangu lini, acha, kwa sababu umio huenda umeshatoboka.

Mapokezi, maneno ya kwanza yawe haya: "Mtoto amemeza betri bapa, saa fulani." Usianze na kikohozi, usianze na historia. Taja namba ya betri, taja asali kama umempa na ni mara ngapi. Omba eksirei ichukue shingo, kifua na tumbo, isiishie kifuani. Kwenye picha, betri inafanana sana na sarafu, na imewahi kudhaniwa sarafu. Wataalamu hutazama ukingo: picha ya mbele ya betri huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, na picha ya ubavuni huonyesha kingo zenye ngazi. Kumwuliza daktari kwa upole kama ameziona duara mbili si ujuaji. Ikiwa betri imo kwenye umio, inatakiwa itolewe papo hapo, hata kama mtoto amekula. Ikiwa imeshashuka tumboni, uamuzi hutegemea ukubwa wa betri, umri wa mtoto, dalili, na kama amemeza sumaku pamoja nayo. Betri na sumaku kwa pamoja ni dharura hata vikiwa tumboni.

Tena kuna jambo ambalo familia huambiwa haraka haraka wakati wa kuruhusiwa na kulisahau. Betri ikitoka, kuungua hakujaisha. Tishu iliyoharibika huendelea kuoza na kumomonyoka kwa siku, hata wiki kadhaa. Tundu linaweza kufunguka kati ya umio na bomba la hewa, au, baya kuliko yote, kati ya umio na aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Mtoto aliyekwisha kutolewa betri akitapika damu, hata kidogo, au akapata choo cheusi kama lami, arudishwe hospitali saa ileile. Kovu nalo linaweza kuubana umio baadaye, mtoto akaanza kukabwa na chakula kigumu.

Kuhusu pua na masikio: betri ndogo kama hizo za kitabu hupenya humo vizuri mno. Uchafu wenye harufu au damu kutoka tundu moja tu la pua, kwa mtoto mdogo, ni dalili ya kitu kilichoingizwa. Usitie matone ya aina yoyote, maana unyevu ndio unaoupa umeme njia. Usichokonoe kwa kibano. Ukuta wa katikati ya pua unaweza kutoboka ndani ya saa chache, kwa hiyo hii nayo si ya kusubiri kesho asubuhi.

Turudi nyumbani kwako. Hapana, huna haja ya kutupa kila kinachoimba. Unachotakiwa kukagua ni mfuniko, na kinachokupa jibu ni skrubu.

Kigeuze kitabu. Pale nyuma utakuta mfuniko mdogo wenye skrubu moja ya nyota. Kaza kwa bisibisi inayolingana. Ikifika mwisho na kugoma, vizuri. Ikizunguka bila kukaza, nyuzi za plastiki ndani zimelika, na hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya mifuniko kufunguka: mtu aliyebadili betri mara ya mwisho aliikaza kwa nguvu mno, au kwa ncha ya kisu. Baadhi ya watu huweka skrubu nene zaidi. Mara nyingi hupasua kile kishikizo cha plastiki, na mfuniko unabaki umeshikiliwa na ufa. Ushauri wangu ni mfupi: toa betri zote tatu, urudishe kitabu kikiwa bubu. Mtoto wa umri huo atakibonyeza na kukitafuna kwa furaha ileile.

Kama skrubu inakaza, bado jaribu haya mtoto akiwa mbali. Bonyeza kona za mfuniko kwa kidole gumba na utazame kama upande wa pili unainuka. Jaribu kuuinua kwa ukucha, kisha kwa ukingo wa funguo. Kitikise karibu na sikio; kitu kinachogongagonga ndani ni betri iliyotoka mahali pake. Kidondoshe mara kadhaa kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ngumu, uangalie tena, hasa kwenye maungio ya plastiki mbali na mfuniko. Kichezeo cha bei ya chini huweza kuwa na skrubu nzuri kabisa na bado kikapasuka pembeni, betri zikamwagika hapo.

Rimoti sasa. Kidroo chake hufunguka kwa kubana kiulimi kidogo upande mmoja kwa ukucha huku ukivuta. Kile kiulimi ni plastiki nyembamba sana. Kikipinda mara kadhaa hakirudi, na kuanzia hapo rimoti ikianguka, droo inatoka na betri inaviringika chini ya makochi. Selotepu ni ya kuvukia usiku mmoja tu. Mate huilegeza gundi yake, na mtoto wa umri wa wako kazi yake kubwa duniani ni kubandua vitu. Kama huna budi, tumia tepu pana ya nguo, izungushe rimoti nzima mara mbili, na iwekwe juu asikofika hata akipanda kiti. Bora zaidi, toa betri, uendeshe spika kwa vitufe vyake au kwa simu. Ukinunua rimoti mbadala, tafuta inayotumia betri za AAA. Hizo nazo hazifai mdomoni, ila si rahisi kuteleza kooni kama kile kibapa.

Halafu zunguka nyumba. Mizani ya jikoni na ya kujipimia uzito, kipimajoto cha kidijitali, funguo ya gari, mishumaa ya umeme, kadi za salamu zinazoimba, saa, kikokotoo, taa ya baiskeli, viatu vinavyomulika, vitambulishi vya kutafutia mizigo, vifaa vya kusaidia kusikia vya babu na bibi. Angalia kila kimoja kama kinafunguka kwa vidole tu. Kifaa kipya kikija na kiulimi cha plastiki kinachotakiwa kuvutwa ili kiwake, jua kwamba betri tayari imo ndani, hata kama sanduku halikusema.

Niseme maoni yangu hapa, kwa kuwa umeuliza uogope kiasi gani. Kwa miaka mingi kanuni za vichezeo katika nchi nyingi zilishadai mfuniko usiofunguka bila kifaa. Lakini mishumaa ya umeme, kadi za salamu, mizani na rimoti si vichezeo kisheria, basi vikaachwa viuzwe na mifuniko ya kuteleza, ingawa vinakaa sebuleni mlemle anamotambaa mtoto. Australia ilianza kulazimisha viwango vya usalama kwa bidhaa hizi zote mwezi Juni 2022. Marekani ilifuata na sheria iitwayo Reese's Law, iliyotiwa saini Agosti 2022, inayotaka sehemu ya betri ifunguke kwa kifaa kama bisibisi, au kwa miendo miwili tofauti ya mikono inayofanywa kwa wakati mmoja. Viwango vizuri hudai pia skrubu ibaki imeshikamana na mfuniko hata ukiifungua, ili isipotee. Hilo ni jambo la senti chache kiwandani. Kuwaambia wazazi wawe macho saa 24 badala ya kuongeza skrubu moja ni kuhamishia mzigo kwa mtu asiye na uwezo wa kuubeba, na sioni kwa nini tuendelee kulikubali kwa adabu.

Unaponunua mtandaoni, usiridhike na alama ya CE, ile inayodai kwamba bidhaa inatimiza kanuni za Ulaya. Kwa bidhaa nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, hakuna mtu wa nje aliyekagua. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, aina ya betri iliyotajwa wazi, na picha ya upande wa nyuma. Muuzaji asiyeonyesha nyuma ya bidhaa, mpite. Maandishi ya "miaka 3 na kuendelea" nayo yasichukuliwe kama kipimo cha akili ya mtoto. Ni onyo la usalama, na mtoto mwerevu wa mwaka mmoja hulisogelea hatari mapema zaidi. Mjomba asivunjwe moyo, aambiwe tu: zawadi ijayo iwe isiyo na betri, au yenye betri za AA na skrubu.

Betri za akiba zikae kwenye pakiti yake, juu na kwa kufuli. Zipo zinazopakwa kitu kichungu ili mtoto ateme; ni nyongeza nzuri, lakini mtoto anaweza kumeza kabla ulimi haujaonja, kwa hiyo zisikufanye ulegeze mfuniko. Wakati wa kubadili, mtoto awe chumba kingine. Fanyia mezani, si kitandani wala kwenye kapeti, na hesabu: zilizotoka tatu, zilizoingia tatu, kuukuu tatu mkononi. Hizo kuukuu zibandike selotepu pande zote mbili papo hapo, moja moja, kabla hujainuka kwenye kiti. Tepu huzuia pia betri kugusana na kuwasha moto ndani ya chombo. Kisha ziingie kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, lipelekwe mahali zinapokusanywa betri chakavu, na kopo lenyewe likae juu hadi siku hiyo.